Bomba na koki

Neno bomba tulilipata kwa Wareno, tukalibebesha maana nyingi: njia ya maji, pampu, hata pale tunapokinga ndoo. Maji ya moto yakifumka bafuni, ukipaza sauti “Funga bomba!”, wenzako watakimbilia sinki. Ndiyo maana naipenda koki, na ningependa tuiachie kazi ya kufunga njia yenyewe. Koki ya hita ya tangi iko kwenye bomba liingizalo maji baridi. Ikifungwa, hakuna tena msukumo wa kuyatoa ya moto. Zima umeme wa hita pia. Waonyeshe wote wa nyumbani koki ilipo, watoto wakubwa wakiwemo. Mkono wa koki ukifuata bomba, maji yanapita, ukikingama, yamefungwa. Koki ya gurudumu hufungwa kwa kuizungusha kulia.