Sarufi na Usomaji Katika Mlango wa Shahada za Juu

Kila mlango wa elimu umekuwa na bawabu wake. Zamani bawabu alikuwa ukoo, au mali, au barua ya mtu mwenye jina. Katika karne ya 20 aliwekwa bawabu mpya, naye akaitwa mtihani. Bawabu huyu husifiwa kwamba hapokei hongo wala haulizi mtu ametoka kwa nani. Sifa hiyo ni ya kweli lakini haijatimia, kwa maana bawabu huyu ana lugha yake, na asiyeijua husimama nje hata kama ana akili ya kuwatosha watu wawili. Kwa sehemu kubwa ya dunia lugha hiyo ni Kiingereza. Jinsi sarufi na usomaji wa lugha hiyo vilivyofanywa kuwa ufunguo wa shahada za juu, na jinsi sarufi ilivyotolewa baadaye katika ufunguo huo, ni habari inayostahili kusimuliwa kwa utaratibu, kwa kuwa ndani yake mna swali la haki.

Mwaka 1913 Chuo Kikuu cha Cambridge kilianzisha mtihani wa umahiri wa Kiingereza kwa wageni, hasa wale waliokusudia kuifundisha lugha hiyo. Ulichukua saa 12. Mlikuwamo tafsiri, sarufi, insha, fasihi, elimu ya matamshi, imla, kusoma kwa sauti na mazungumzo. Waliojitokeza walikuwa watu 3, na wote 3 walianguka. Mtihani ulikuwa mkali, lakini ulikuwa na jambo moja la kusifiwa: sarufi ilikuwa kiungo kimoja cha mwili mzima. Aliyeijua alitakiwa aionyeshe kwa kalamu yake na kwa ulimi wake, mbele ya mtu aliyeketi kumsikiliza.

Marekani ilishika njia nyingine. Mwaka 1936 Wakfu wa Carnegie wa kuendeleza ualimu, pamoja na vyuo vikuu vya Harvard, Yale, Princeton na Columbia, ulianza kuujaribu mtihani wa watu waliotaka shahada za juu, ambao hata leo huitwa GRE. Miaka 2 baadaye, mwaka 1938, kampuni ya IBM ilitoa mashine ya kusahihishia mitihani, iliyotambua kwa umeme alama za penseli zilizowekwa katika karatasi ya majibu. Mwaka 1947 ikaundwa Educational Testing Service huko Princeton, na mwaka uliofuata mtihani wa GRE ukawekwa mikononi mwake.

Mashine ile ndiyo iliyoamua mengi. Haikuweza kusoma insha wala kusikia mtu akisema; iliweza tu kutambua kama alama imewekwa mahali pake. Basi ujuzi wa lugha ulipaswa kukatwakatwa vipande vidogo vyenye jibu moja la haki na majibu kadhaa ya batili, na sarufi ilikuwa nguo iliyokubali mkasi huo. Upatanisho wa kiima na kitenzi, kiwakilishi kisicho na mwenyewe, kifungu kilichokaa pasipo pake: yote hayo yaliweza kupimwa kwa watu maelfu katika asubuhi moja, kwa gharama ndogo. Maneno nayo yaliulizwa kwa njia hiyo hiyo. Mtahiniwa wa GRE kwa miaka mingi alipewa neno moja pweke akatafute kinyume chake, kama mtu anayeonyeshwa jani akaambiwa autaje mti.

Mwaka 1953 wajumbe wa vyuo 9 vya biashara walikutana kutafuta mtihani wao, na Februari 1954 mtihani huo ukafanywa kwa mara ya kwanza. Mwaka 1976 uliitwa GMAT. Hapo ndipo sarufi ilipopata kiti cha heria na kukaa nacho muda mrefu, katika fungu la kusahihisha sentensi. Wakati huo huo wageni waliotaka kusoma Marekani walikuwa wakiongezeka. Septemba 1959 vijana 81 waliruka kutoka Nairobi kwenda New York kwa ndege iliyopatikana kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani. Wengi wao walikwenda kutafuta shahada ya kwanza, nao waliondoka kabla haujakuwapo mtihani mmoja wa Kiingereza wa kuwapima wageni wote. Mtihani huo, TOEFL, ulifanywa kwanza mwaka 1964 kwa watahiniwa 920, na fungu moja katika mafungu yake 5 lilikuwa la muundo wa Kiingereza.

Yafaa swali la kusahihisha sentensi katika GMAT lielezwe, kwa kuwa maelfu ya watu walitumia usiku wao mwingi juu yake. Mtahiniwa alipewa sentensi ndefu, sehemu yake imepigiwa mstari. Chini yake yalikuwapo majibu 5. La kwanza lilirudia maneno yale yale, na mengine 4 yaliyageuza. Kazi yake ilikuwa kuchagua lililo bora kwa sarufi, kwa maana na kwa ufupi. Sentensi zilitungwa kwa hila. Kiima kiliwekwa mwanzoni, kitenzi kikafichwa mbali, na katikati yakapangwa majina mengine ya kumpoteza msomaji.

Msemaji wa Kiswahili aliyekutana na swali hilo alikuwa na neema na dhiki pamoja. Neema yake ni kwamba upatanisho ni maji aliyoogelea tangu utoto. Asemapo kitabu kizuri cha mwalimu kilichopotea kimeonekana, kila neno linamtaja bwana wake, na hakuna awezaye kudhani kwamba aliyepotea ni mwalimu. Dhiki yake ni kwamba Kiingereza ni bahili wa alama. Kitenzi chake cha wakati uliopo huongezewa herufi moja tu katika nafsi ya tatu ya umoja, na herufi hiyo ikikaa mbali na kiima chake huweza kupita bila kuonekana. Kifungu cha maelezo nacho hakivai ngeli ya jina linaloelezwa; hupata maana kwa mahali kilipowekwa, na kikisogezwa kidogo humvika mtu sifa ya kitu. Hatimaye viko vile vineno viwili vidogo, a na the, ambavyo Kiswahili hakina mfano wake kamili. Mgeni aliyevijua kwa kanuni hujikuta akihesabu hatua pale ambapo mwenyeji hutembea tu.

Penye mlango mwembamba huzaliwa mwongoza njia. Stanley Kaplan wa Brooklyn, mwana wa wahamiaji wa Kiyahudi, alianza mwaka 1938 kufundisha wanafunzi katika nyumba ya wazazi wake. Alikuwa amenyimwa nafasi katika vyuo vya uganga, naye aliamini kwamba asili yake na chuo cha umma alichosoma vilichangia kunyimwa huko. Kwa ajili hiyo aliuona mtihani kuwa rafiki wa mtu asiye na jina. Watunga mitihani walishikilia kwamba mazoezi ya namna yake hayaongezi alama za maana, kwa vile kilichopimwa kilikuwa uwezo wa ndani. Mwaka 1979 uchunguzi wa tume ya biashara ya serikali ya Marekani ulionyesha kwamba mazoezi yaliweza kuongeza alama. Neno hilo lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Ikiwa mtihani hufundishika, basi haupimi kipaji peke yake. Hupima pia nani aliyepata mwalimu.

Kazi hiyo ilivuka bahari. Mwaka 1993 Yu Minhong, mwana wa kijijini katika jimbo la Jiangsu ambaye aliingia Chuo Kikuu cha Peking katika jaribio lake la 3, alianzisha mjini Beijing shule ya New Oriental. Vijana wa Kichina walijaa humo kukariri maneno ya GRE na kanuni za TOEFL. Mwaka 2001 wenye mitihani waliishitaki shule hiyo kwa kutumia maswali yao bila ruhusa, na mahakama za Beijing zikaamua mwaka 2003, na tena katika rufani mwaka 2004, kwamba hakimiliki ilikuwa imevunjwa. Mwaka 2002 mtihani wa GRE wa kompyuta ulisimamishwa katika China, Taiwan na Korea ya Kusini, ukarudishwa wa karatasi, kwa sababu maswali yalikuwa yakikumbukwa na kupitishwa kwa watahiniwa waliofuata. Waliofanya hivyo walikosea, na kosa halisafishwi kwa wingi wa wakosaji. Lakini mtihani unaoweza kuibwa kwa kukumbukwa ulikuwa umekwisha kukiri jambo fulani juu ya umbo lake.

Ndipo sarufi ilipoanza kutolewa. TOEFL mpya ya mwaka 2005 haikuwa tena na fungu la muundo wa lugha. Mahali pake palikuja kusema, na kazi zilizomtaka mtahiniwa asome, asikilize, kisha aandike. Mwaka 2011 GRE iliacha maswali ya vinyume na ya ulinganisho wa jozi za maneno, ikaongeza nguvu katika maneno yaliyomo ndani ya habari. Novemba 2023 ilitoka GMAT mpya isiyo na kusahihisha sentensi kabisa, na mwanzoni mwa 2024 ile ya zamani ikakoma. Katika fungu lake la lugha yalisalia maswali 23 ya dakika 45, yote ya kusoma habari na kupima hoja. Hivyo mitihani 3, kila mmoja kwa wakati wake, ilifika karibu mahali pamoja: sarufi pweke ikatoka, usomaji ukabaki.

Wengi walilipokea jambo hilo kama ukombozi wa wageni, na wana sababu. Palikuwa na watu waliojua kukamata kosa katika sentensi ya mtu mwingine lakini hawakuweza kuandika yao wenyewe. Hata hivyo mizani ina sahani mbili. Sarufi ina mipaka. Kanuni zake huhesabika, huandikwa katika kitabu kimoja, na maskini mwenye kitabu hicho, taa, na daftari la kuandikia kila kosa pamoja na sababu yake, aliweza kuzimaliza. Tena katika sentensi zile za hila mwenyeji aliyetegemea sikio lake aliweza kupotezwa nalo, na mgeni aliyetegemea kanuni akapita. Usomaji hauna mwisho wa namna hiyo. Haukusanywi kwa miezi 3. Hujengwa kwa miaka, katika nyumba na shule zenye vitabu, na mtoto aliyekosa vitabu hawezi kuulipa upungufu huo kwa kukesha. Basi kwa kuondolewa sarufi, mgeni mwenye bidii amepunguziwa mzigo, lakini pia amepunguziwa sehemu ya njia ambayo juhudi yake ilimfikisha upesi.

Kwa nchi za Kiswahili neno hili lina uzito wake. Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya elimu ya msingi mwaka 1967, na Kiingereza kikaendelea kuwa lugha ya sekondari na chuo kikuu. Mara nyingi husemwa kwamba mtoto aliyesoma kwa Kiswahili amechelewa katika mbio za Kiingereza. Kwa mtihani wa sarufi maneno hayo yalikuwa na ukweli, kwa maana sarufi ya lugha moja haihamii katika nyingine. Usomaji ni mali ya namna nyingine. Kutambua dai kuu la mwandishi, kutenga sababu na mfano, kuona dhana isiyosemwa ambayo hoja yote imeegemea, kujua mwandishi anapokubali na anapokubali nusu tu: hayo ndiyo yanayoulizwa katika mitihani mipya, na hakuna hata moja lisiloweza kufunzwa kwa Kiswahili. Aliyezoea kuyapima maneno ya gazeti, hukumu au insha ya Kiswahili huenda kwenye Kiingereza na akili iliyokwisha kunolewa. Msamiati bado atautafuta kwa jasho, na bila msamiati wa kutosha akili hiyo haina pa kushika. Lakini hataanza na mikono mitupu.

Ajiandaaye kwa mtihani huo leo hufanya vyema kujifunza sarufi hata kama haiulizwi tena, kwa kuwa sentensi ndefu haisomeki na mtu asiyejua kiima chake kiko wapi. Ila kazi kubwa zaidi imehama kutoka katika miezi ya mwisho ya mtahiniwa ikaenda katika miaka ya kwanza ya mwanafunzi, na kutoka katika kitabu cha mazoezi ikaenda katika maktaba. Huko mtahiniwa hana uwezo peke yake. Shule isiyo na vitabu imekwisha kumfungia mlango miaka 15 kabla hajaufikia, na bawabu asiyepokea hongo hataliona hilo wala hataliuliza.