Doa Kwenye Pafu la Katia

Mwaka 1912 Katia Mann, mke wa mwandishi Thomas Mann, alipelekwa Davos, milimani Uswisi, kwa kushukiwa kuwa na kifua kikuu. Dawa haikuwepo siku zile. Ulipewa hewa ya mlimani, chakula kingi, na kulazwa barazani umefunikwa blanketi. Mumewe alikwenda kumtembelea kwa wiki 3. Daktari akamgonga-gonga na yeye kifuani, akamwambia ana doa, bora abaki miezi 6. Thomas akafungasha virago, akarudi Munich.

Ziara ile ndiyo iliyozaa Der Zauberberg, riwaya ya mwaka 1924. Wengi wetu tunakumbuka jinsi Hans Castorp anavyotunza picha ya eksirei ya kifua cha mwanamke anayempenda, mbavu na mapafu, uso haupo. Mimi niliisoma kama kituko cha mapenzi tu. Baadaye nikajua kwamba picha za Katia mwenyewe zilihifadhiwa, na miongo mingi baadaye daktari wa mapafu akazisoma upya. Hakuona kifua kikuu. Katia alifariki mwaka 1980, akiwa na miaka 96.

Habari hiyo ilinigusa kwa sababu mama yangu naye ana picha yake, juu ya kabati, ndani ya bahasha ya kaki. Alikuwa anakohoa na kuishiwa pumzi. Makohozi yalipimwa, vijidudu havikuonekana, lakini daktari aliiangalia picha, akasema TB, akamwanzishia dozi. Nyumbani tukamtengea sahani na kikombe. Watoto wakahamishwa chumbani kwake. Mwezi wa pili daktari mwingine aliishika picha ileile kwenye mwanga wa dirisha, akauliza, “Nani kasema hii ni TB?” Doa lilikuwa kovu la zamani. Kilichopanuka ni moyo.

Nilimkasirikia yule wa kwanza kwa miaka. Siku hizi hasira imepungua kidogo, na walioipunguza ni watu wa takwimu, jamani, si washairi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walitaka kupima vifua vya watu wengi kwa mpigo. Swali lao lilikuwa la fedha: filamu ndogo ya bei rahisi inatosha, au lazima ile kubwa? Wakawapiga picha watu zaidi ya 1,200 kwa njia 4, kila mmoja kwa njia zote, wakawapa wasomaji 5 mabingwa. Majibu yalitoka mwaka 1947. Kumbe tofauti kati ya filamu na filamu ilikuwa ndogo kuliko tofauti kati ya msomaji na msomaji. Mmoja anaona ugonjwa, mwenzake anaona pafu safi. Na walipopewa picha zilezile mara ya pili, kila mtu alipingana hata na nafsi yake.

Mwaka 1949 Henry Garland, daktari wa mionzi wa San Francisco, aliwaandikia wenzake juu ya jambo hilo bila kuficha: msomaji mzuri, mwenye uzoefu, anaweza kupitwa na karibu thuluthi ya picha zenye ugonjwa. Fikiria kuwaambia hivyo watu wanaolipwa kwa macho yao.

Dawa iliyopendekezwa ilikuwa nyepesi: wasomaji wawili, kila mmoja peke yake, asiyeliona jibu la mwenzake. Yerushalmy, mwanatakwimu aliyekuwemo kwenye utafiti wa 1947, alijaribu utaratibu huo, na picha zilizopita bila kugunduliwa zikapungua. Kuna na mengine ambayo madaktari hufundishwa: kuweka picha ya zamani kando ya mpya, na kutoacha kutafuta mara tu doa la kwanza linapoonekana. Nadhani daktari wetu wa kwanza alikwama hapo. Aliona kovu, akaridhika, hakufika kwenye moyo.

Ila hospitali ile ilikuwa na daktari mmoja na foleni hadi nje ya geti. Huyo msomaji wa pili angetoka wapi?

Mama sasa anameza dawa za moyo. Ile sahani ya bluu bado ipo kabatini, chini kabisa. Anatuona tunavyoikwepa tukipakua, na hasemi kitu.