Rimu zinazong'aa katika nchi ya kiu

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, juzi nilikuwa Zuzu, magharibi ya mji wa Dodoma, ambako treni ya zamani ya Reli ya Kati hupita ikielekea Bahi na Manyoni. Chini ya mti, kijana mmoja alikuwa akisafisha magurudumu ya gari dogo. Mbele yake palikuwa na ndoo moja, tena haijajaa, na kopo la kuchotea. Alimwaga maji kopo kwa kopo, akasugua, kisha akakausha kila rimu kwa kitambaa kabla hajaenda kwenye nyingine. Nikamwuliza kwa nini asiliache jua la Dodoma, lisilo na huruma, limfanyie kazi hiyo ya kukausha.

"Maji ya huku yana chumvi, mzee," akanijibu. "Ukiyaacha yakauke yenyewe, rimu inatoka madoadoa meupe. Mwenye gari anasema sikuosha."

Jibu hilo lilinirudisha nyuma zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililazimika kukatiza nyika kavu kabla ya kuingia Ugogo, na nyika hiyo wapagazi waliiita Marenga Mkali, kwa sababu ya ukali wa maji yake. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, na Stanley akapita mwaka 1871, na wote waliandika habari za kiu na za hongo. Watemi wa Ugogo walitoza hongo kwa kila msafara, na mgeni alilipa, maana visima vilikuwa vyao. Malipo yalikuwa merikani, kaniki, ushanga, na masango, yaani waya wa shaba. Waya huo ulizungushwa mkononi ukawa vitindi. Shaba ina tabia yake: ikiachwa hufifia na kuwa nyeusi, ikisuguliwa hung'aa. Kwa hiyo wanaodhani kwamba mapenzi ya chuma kinachong'aa yaliletwa Dodoma na magari ya Wajapani, wamechelewa sana.

Hata vifaa vya kusugulia vilikuwapo. Jivu, mchanga laini, ndimu na ukwaju vimesafisha masufuria na sinia za shaba tangu zamani. Pwani kuna mti uitwao msasa, ambao majani yake yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ya kiwandani ilipofika madukani, ilirithi jina la mti. Leo kijana wa mjini anapiga msasa rimu bila kujua kwamba anataja jani.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914. Mwaka huohuo wa 1905, kampuni ya Reckitt ya Uingereza ilianza kuuza dawa ya kung'arishia shaba iitwayo Brasso. Mambo hayo mawili hayakujuana wakati huo, lakini yalikutana baadaye. Katika enzi ya Mwingereza, watumishi wa nyumbani walisugua vitasa vya milango, askari walisugua vifungo na bakoli za mikanda, na dereva aliamka mapema kusugua taa za gari la bwana mkubwa. Ung'avu ulikuwa ni nidhamu, na jasho lilikuwa la mtu mwingine.

Gurudumu la treni, hilo halikuhitaji dawa. Reli yenyewe hulisugua, nalo huisugua reli. Mkazi yeyote wa kando ya njia anajua kusoma habari hiyo: reli ikiwa nyeupe, treni zinapita, ikiwa na kutu, kuna jambo. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 yalipokata njia huko Kilosa na Gulwe, kutu haikungoja tangazo la serikali.

Sasa tuje kwenye gari. Magari ya kwanza yalikuwa na magurudumu ya mbao au ya njiti za waya kama baiskeli, kisha yakaja ya bati la chuma lililopakwa rangi. Aluminiamu ilikuwa ghali mno mpaka mwaka 1886, Mmarekani Charles Hall na Mfaransa Paul Héroult walipogundua, kila mmoja kwa upande wake, namna ya kuitoa kwenye madini yake kwa umeme. Mwaka 1924, katika mashindano ya magari ya Lyon, Ufaransa, Ettore Bugatti alileta gari lenye magurudumu ya aluminiamu, ambayo sehemu ya breki ilikuwa imeungana na gurudumu lenyewe. Hakutafuta urembo. Alitaka gurudumu liwe jepesi na breki zisipate moto kupita kiasi. Urembo tuliuongeza sisi, wateja.

Hapa kwetu urembo huo ulichelewa. Katika miaka ya 1970 na 1980 barabara zilikuwa za Land Rover na Peugeot 504, zenye rimu za chuma zilizopakwa rangi, na zenye bahati zilikuwa na vifuniko vya kromu, ambavyo vilikuwa na mazoea ya kuhama usiku. Vipuri viliadimika, mafuta yakaadimika, hata ikapigwa marufuku kuendesha magari binafsi Jumapili mchana. Nani angesugua rimu ya gari ambalo haliruhusiwi kutoka? Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika kutoka Japani na Dubai yakamiminika. Mengi yalikuja na rimu za spoti. Pamoja nayo ikazaliwa kazi mpya, isiyo na chuo wala cheti, ya vijana wa ndoo na kitambaa.

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini serikali ilihamia kwa kishindo kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2018 manispaa ikawa jiji. Magari yameongezeka, na kila gari lina magurudumu manne yenye vumbi jekundu. Maji hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Kwa miaka mingi mji umetegemea visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Ndiyo maana yule kijana wa Zuzu alikuwa akipima kwa kopo.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Ule weusi unaoganda kwenye rimu si vumbi la barabara peke yake. Ni unga wa breki: chuma kilicholika kutoka kwenye diski, na kilicholika kutoka kwenye pedi zenyewe. Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini breki zilitengenezwa kwa asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo yakivutwa hukaa mapafuni na kuleta makovu na saratani, baada ya miaka ishirini, thelathini au zaidi. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikamilisha marufuku yake mwaka 2005. Lakini pedi ya bei rahisi isiyojulikana imetoka wapi, nani anaipima? Anayepuliza unga huo kwa mashine ya upepo, au kuupangusa mkavu kwa brashi akiwa ameinamia gurudumu, anaula. Dawa ni kuulowesha kwanza, ushuke na maji.

Mnaona tatizo lilivyo, ndugu msikilizaji. Anayebana maji kwa sababu ndoo ni ya kununua, anabana kinga yake mwenyewe.

Kuna na wale wenye haraka, wanaotumia asidi ya betri au kostiki soda. Aluminiamu hujilinda kwa utando mwembamba sana usioonekana. Kostiki huula utando huo kisha huula chuma chenyewe, na yale mapovu yanayomfurahisha mteja ni rimu yake inayoyeyuka. Mikono ya msafishaji nayo haiko salama. Wengine hupiga msasa mpaka vanishi ya kiwandani itoke. Siku ile rimu huwa kama kioo, lakini baada ya muda mfupi hufifia, na mteja hurudi kugombana.

Nilimweleza kijana habari ya unga wa breki. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: kama atatumia ndoo mbili kwa gari moja, nani atailipia ya pili, yeye au mwenye gari? Mwenye gari alikuwa amesimama hapo hapo. Akatazama upande wa reli.

Kijana alilowesha kitambaa, akainama kwenye gurudumu la nne.