Hoja za Kikristo Kuhusu Punyeto: Kutoka Kisa cha Onani hadi Tamko la Mwaka 1975

1.0 Utangulizi

Tarehe 29 Desemba 1975, idara ya Vatikani inayosimamia mafundisho ya imani ilitoa tamko liitwalo Persona Humana kuhusu maadili ya jinsia. Katika sehemu yake ya 9, tamko hilo lilirudia msimamo wa karne nyingi kwamba punyeto ni kosa zito kimaadili. Papo hapo, tamko lilieleza kwamba hata kama haiwezi kuthibitishwa kuwa Maandiko yanaikemea dhambi hiyo kwa jina lake, mapokeo ya Kanisa yameelewa kwa haki kuwa imo ndani ya maonyo ya Agano Jipya dhidi ya uchafu na uasherati. Maelezo hayo ni mafupi, lakini uzito wake kihistoria ni mkubwa. Kwa zaidi ya miaka 1500, wahubiri, waungamishi na madaktari walikuwa wamewatajia waumini mtu mmoja wa Biblia kuwa ndiye ushahidi wa kosa hilo, naye ni Onani mwana wa Yuda.

Insha hii inachunguza jinsi mafundisho ya Kikristo kuhusu punyeto yalivyojengwa. Inadaiwa humu kwamba mafundisho hayo hayakutokana na aya moja, bali ni mkusanyiko wa hoja tatu zenye asili tofauti: hoja ya usafi wa moyo iliyotoka kwa watawa, hoja ya maumbile iliyotoka kwa wanatheolojia wa Zama za Kati, na hoja ya madhara ya mwili iliyotoka kwa madaktari wa karne ya 18. Kisa cha Onani kilitumika kuzifunga pamoja. Kuzitenganisha hoja hizi kuna umuhimu, kwa kuwa mojawapo imethibitika kuwa si kweli, na watoto waliumizwa kwa sababu yake.

Katika insha hii neno punyeto, lenye asili ya Kireno, linatumika kwa maana yake ya kawaida katika Kiswahili, yaani tendo la mtu kujisisimua kijinsia peke yake.

2.0 Matini ya Biblia

Kisa cha Onani kimo katika Mwanzo 38. Eri, mzaliwa wa kwanza wa Yuda, alikufa bila mtoto. Yuda akamwagiza Onani amwingilie Tamari, mjane wa nduguye, ili amwinulie marehemu uzao. Onani alifahamu kwamba mtoto hatahesabiwa kuwa wake. Kwa hiyo kila alipokutana na Tamari alimwaga mbegu chini. Tendo hilo lilimchukiza Bwana, naye Onani akafa.

Ni dhahiri kwamba tendo linaloelezwa si punyeto. Onani alikuwa pamoja na mwanamke, na mwandishi mwenyewe anataja nia yake, yaani kumnyima nduguye uzao. Sura nzima inahusu ukoo unaokaribia kukatika na mjane aliyenyimwa haki yake. Ndiyo maana mwishoni Yuda anakiri kwamba Tamari ana haki kuliko yeye, na Tamari anatajwa katika ukoo wa Yesu katika Mathayo 1:3.

Ipo hoja ya upande wa pili inayostahili kupimwa. Katika Kumbukumbu la Torati 25:5-10, mtu aliyekataa kumwinulia nduguye uzao hakuuawa. Alivuliwa kiatu na kutemewa mate mbele ya wazee. Kwa msingi huo, baadhi ya wafasiri wamedai kwamba kifo cha Onani hakiwezi kuelezwa kwa kukataa wajibu pekee, hivyo kumwaga mbegu kwenyewe ndiko kulikoadhibiwa. Hata hivyo, hali hizo mbili hazilingani. Mtu wa Kumbukumbu alikataa waziwazi, na mjane akawa huru. Onani alijifanya anatimiza wajibu, akautumia mwili wa Tamari mara kwa mara, na akamwacha amefungwa. Kosa la udanganyifu lilikuwa kubwa kuliko kosa la kukataa.

Sheria ya Walawi inaongeza ushahidi mwingine. Walawi 15:16-18 inamtaka mwanamume aliyetokwa na shahawa aoge, naye huwa najisi hadi jioni. Aya ya 18 inatoa agizo hilohilo kwa mume na mke waliokutana. Sadaka haidaiwi, tofauti na mtu mwenye ugonjwa wa kutokwa, ambaye katika aya za 14 na 15 anapaswa kuleta ndege wawili kwa kuhani. Suala lililopo ni la unajisi wa kiibada, wala si la hatia.

Katika Agano Jipya, Mathayo 5:27-30 inahamishia uzinzi ndani ya moyo wa anayetazama kwa kutamani, kisha inataja jicho na mkono unaokosesha. Baadhi ya wataalamu wameulinganisha mkono huo na onyo la marabi katika Mishna, Nida 2:1, kuhusu mkono wa mwanamume unaoshikashika viungo vya siri. Ulinganisho huo unawezekana, lakini Injili haiutamki. Kinachosemwa wazi ni kwamba tamaa inayomfanya mwingine kuwa kitu cha kutumiwa ni kosa hata kabla ya tendo.

3.0 Watawa na Kuhama kwa Maana

Mababa wa Kanisa waliomtaja Onani hawakuwa na fikra moja. Augustino alikitumia kisa hicho, mwanzoni mwa karne ya 5, dhidi ya wanandoa waliokwepa kuzaa. Yaani alikisoma ndani ya muktadha wa ndoa.

Mwelekeo tofauti ulijitokeza miongoni mwa watawa. Yohane Kasiano, aliyeishi na watawa wa Misri kabla ya kuanzisha monasteri huko Marseille, aliandika mazungumzo ya wazee wa jangwani katika miaka ya 420. Katika mazungumzo ya tano, yanayohusishwa na Abba Serapioni, uasherati umegawanywa katika aina tatu: ule wa kukutana mwanamume na mwanamke, ule unaotendeka bila kumgusa mwanamke, na ule wa mawazoni. Aina ya pili ndiyo iliyounganishwa na adhabu ya Onani. Kwa hiyo si sahihi kudai, kama inavyodaiwa mara nyingi, kwamba uhusiano wa Onani na punyeto ulibuniwa katika karne ya 18. Ulikuwapo tangu Kasiano.

Sababu ya kuhama huko inaeleweka. Mtawa aliyekaa peke yake hakuwa na mke wala jirani wa kumtamani karibu naye. Jaribu lake lilikuwa mwili wake mwenyewe na kumbukumbu zake. Kwake, tendo hilo lilikuwa kipimo cha hali ya moyo, kama ilivyokuwa hasira au ulafi. Watawa hawakuhofia ugonjwa, bali walihofia sala iliyogawanyika. Mafundisho hayo yalikuwa ya watu waliochagua useja, yakielekezwa kwa wenzao. Tatizo lilianza pale kipimo cha mtawa kilipogeuzwa kuwa sheria ya kila muumini.

4.0 Kitubio na Hoja ya Maumbile

Daraja la mabadiliko hayo lilikuwa vitabu vya malipizi vilivyoenea kutoka Ireland na Uingereza kuanzia karne ya 6. Vitabu hivyo vilipanga malipizi kwa kila dhambi, kwa kuzingatia umri na cheo. Mvulana alipewa malipizi mepesi kuliko padri. Kwa ujumla punyeto ilihesabiwa miongoni mwa makosa madogo ya jinsia.

Katikati ya karne ya 11, Petro Damiani aliandika Liber Gomorrhianus, kitabu alichomwelekezea Papa Leo IX, akiiweka punyeto katika ngazi ya kwanza ya makosa manne aliyotaka makleri waadhibiwe kwayo. Mwaka 1215 Mtaguso wa nne wa Laterano ulimtaka kila muumini aungame angalau mara moja kwa mwaka. Matokeo yake, swali lililokuwa la monasteri likaingia katika kiti cha kitubio cha kila parokia. Jean Gerson, mkuu wa Chuo Kikuu cha Paris aliyefariki mwaka 1429, anahesabiwa kuwa mwandishi wa kijitabu kilichowaelekeza waungamishi namna ya kuwahoji vijana kwa upole na hatua kwa hatua, kwa kuwa wengi waliificha dhambi hiyo kwa aibu.

Msingi wa kinadharia ulitolewa na Thoma wa Akwino. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 154, alieleza kwamba mbegu imekusudiwa kuzaa, na kwamba kuitoa kwa namna isiyoweza kuleta uzazi ni kinyume cha maumbile. Hoja hii haikumhitaji Onani, kwani ilitegemea akili na mpangilio wa uumbaji. Lakini ilizaa ugumu ambao Thoma mwenyewe aliutambua. Makosa ya kinyume cha maumbile, punyeto ikiwa ya chini kabisa kati yake, yaliwekwa juu ya uzinzi na ubakaji, ambavyo humdhulumu jirani. Thoma alijibu kwamba makosa hayo yanamkosea Mungu aliyeyapanga maumbile. Jibu hilo lina mantiki ndani ya mfumo wake, lakini linapima uzito wa dhambi bila kumtanguliza aliyeumizwa, jambo lililo mbali na kisa cha Tamari.

Wanamatengenezo wa karne ya 16 walikataa useja wa lazima na kitubio cha lazima, lakini hawakumwacha Onani. Martin Luther na John Calvin wote walilikemea tendo lake vikali katika fafanuzi zao za kitabu cha Mwanzo. Mkazo wa Calvin ulikuwa juu ya kuua tumaini la uzao, yaani alibaki karibu na Augustino kuliko Kasiano.

5.0 Hofu ya Kitabibu

Katika miaka ya 1710 kilitokea London kitabu kisicho na jina la mwandishi kiitwacho Onania. Kilichanganya mahubiri na orodha ya maradhi, na kilitangaza dawa za kununua. Toleo baada ya toleo liliongezewa barua zilizodaiwa kutoka kwa wasomaji waliojutia. Mwaka 1760 Samuel Auguste Tissot, daktari wa Lausanne, alichapisha kwa Kifaransa L'Onanisme. Tissot alikidharau kitabu cha London kwa ukosefu wa mpangilio, lakini aliipa hofu yake sura ya kisayansi: kupoteza shahawa, alidai, kunadhoofisha mwili kuliko kupoteza damu nyingi zaidi, na kunaharibu neva, macho na akili.

Makanisa yaliipokea sayansi hiyo bila kusita. Mwaka 1767 John Wesley, mwanzilishi wa harakati ya Wamethodisti, alitoa kijitabu kuhusu dhambi ya Onani ambacho sehemu yake kubwa ilikuwa dondoo kutoka kwa Tissot. Hapo hoja zote tatu ziliungana chini ya jina moja. Aya ya Mwanzo ilithibitishwa na daktari, na daktari akathibitishwa na aya.

Gharama ya muungano huo ililipwa na watoto. John Harvey Kellogg, daktari Mwadventista wa Battle Creek, Michigan, aliyechapisha kitabu chake cha kwanza kuhusu jinsia mwaka 1877, alipendekeza katika maandishi yake wavulana wenye tabia hiyo watahiriwe bila dawa ya ganzi ili maumivu yawe fundisho, na wasichana wapakwe tindikali ya kaboliki kwenye kinembe. Mapendekezo hayo yalitolewa kwa nia ya kuwaokoa. Yalitegemea dai la kitabibu ambalo halikuwa kweli.

6.0 Baada ya Hofu Kuporomoka

Katika karne ya 20 hoja ya madhara ilianguka. Mwaka 1948 utafiti wa Alfred Kinsey nchini Marekani ulionesha kwamba zaidi ya wanaume 9 kati ya kila 10 waliohojiwa waliwahi kupiga punyeto. Kama maelezo ya Tissot yangekuwa sahihi, jamii nzima ingekuwa wodini.

Makanisa yaliitikia kwa njia mbalimbali. Kwa upande wa Wakatoliki, Baraza Takatifu liliamua tarehe 2 Agosti 1929 kwamba tendo hilo haliruhusiwi hata kwa ajili ya kupata shahawa za kupima ugonjwa; uamuzi huo ulisimama juu ya hoja ya maumbile peke yake. Waraka Casti Connubii wa Papa Pio XI, mwaka 1930, ulimtaja Onani kwa kupitia Augustino, katika suala la kuzuia uzazi ndani ya ndoa. Hivyo kisa kilirejea mahali alipokiweka Augustino. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2352, ilishikilia uzito wa kosa, lakini ilimwagiza mchungaji azingatie kutokomaa kwa hisia, nguvu ya mazoea na wasiwasi, mambo yanayoweza kupunguza hatia.

Miongoni mwa Waprotestanti wa Marekani, mchungaji Charlie Shedd aliiita punyeto zawadi ya Mungu katika kitabu chake cha mwaka 1968, na mwaka 1978 mwanasaikolojia wa kiinjili James Dobson aliwasihi vijana wasiteswe na hatia kwa ajili yake. Wengine walibaki na onyo la Mathayo 5, wakisema kwamba kinachopaswa kuchunguzwa ni tamaa inayolisindikiza tendo.

7.0 Hitimisho

Historia hii haiamui peke yake kama punyeto ni dhambi. Inaonesha ni hoja ipi inayoweza kubeba uzito gani. Hoja ya Onani haiwezi kubebeshwa fundisho hilo, kwa kuwa matini inazungumzia udanganyifu dhidi ya mjane. Hoja ya madhara ya mwili ilikuwa kosa la kitabibu. Zinazobaki ni hoja ya maumbile, kwa anayekubali misingi yake, na hoja ya moyo, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na maneno ya Injili.

Jambo hili si la maktaba peke yake. Kijana anayeambiwa kwamba atapofuka au kupoteza akili, kisha akagundua kuwa si kweli, hupoteza imani katika onyo hilo na pia katika yule aliyelitoa. Tamko la mwaka 1975, lilipokiri mipaka ya ushahidi wa Maandiko, lilifanya kile ambacho Wesley na Kellogg hawakukifanya: lilitenganisha yale ambayo Biblia inasema na yale ambayo Kanisa linafundisha kutokana na mapokeo yake. Mjadala wowote wa baadaye kuhusu suala hili, wa kuunga mkono au kupinga, unapaswa kuanzia kwenye mpaka huo.