Springi za Safari na Gereji za Blacktown

Ukipita Doonside au Mount Druitt siku ya Jumamosi, utasikia mashine za kukata chuma zikilia katika gereji za nyumbani. Vijana wetu nao wamo. Wananunua bodi kuukuu, wanatia injini ya gari jingine, na jambo la kwanza wanalotaka ni gari lilale chini mpaka tairi lijifiche ndani ya madigadi. Hapo sisi wazee huuliza: gurudumu litapanda wapi?

Swali hilo tulikuja nalo kutoka nyumbani. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka huohuo, mwezi wa Agosti, Waaustralia waliondoka Sydney katika mashindano ya Redex, na mshindi alikuwa mfamasia, Ken Tubman, ndani ya Peugeot 203. Peugeot! Jina hilo halina haja ya kuelezwa kwa mtu aliyewahi kubanwa katika gari la abiria la Nairobi kwenda Nakuru. Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Tanzania, alishinda Safari ya 1966 na ya 1967 kwa Peugeot 404. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93, yakamaliza 7 tu, na la kwanza lilikuwa 404 tena.

Magari hayo hayakuwa ya kasi ya ajabu. Springi zake zilikuwa laini na zenye nafasi ndefu: gurudumu lilishuka shimoni na kupanda tena, bodi isigonge. Ndiyo maana 504 iliyoyafuata ilipendwa kwetu na huku pia, na ikaunganishwa Kenya na Australia.

Lakini anayetufaa zaidi kwa habari ya gereji ni Joginder Singh, fundi wa Kenya. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kupigwa na Safari ya mwaka uliotangulia. Gari kuukuu, mikono ya fundi. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer.

Sasa kazi yenyewe. Fundi mwenye subira huitoa springi kwanza, shokapu ikabaki. Huliinua gurudumu kwa jeki hadi kikomo cha juu, akapima. Hulishusha hadi kikomo cha chini, akapima tena. Kila hatua huugeuza usukani pande zote mbili, akitazama kama tairi linagusa madigadi na kama mpira wa breki unavutika. Kisha huchagua gari lisimame wapi kati ya vikomo hivyo. Kwa gari la barabarani, nafasi ya kupanda iwe kubwa kuliko ya kushuka. Na raba ya kuzuia iguse kabla shokapu haijafika mwisho wake, la sivyo shokapu ndiyo itakayopigwa nyundo, na siku ya tuta lililojificha gurudumu litaruka na breki lisishike. Tumewapakia watoto wetu nyuma ya magari haya.

Serikali ya huku nayo imeliona hilo. Mwongozo wa kitaifa, VSB 14, hauruhusu kushusha gari kupunguze nafasi ya gurudumu kwa zaidi ya theluthi moja ya ile ya kiwandani, si juu wala chini. Karibu na ekseli, chini ya gari pabaki milimita 100. Na lile lililoundwa nyumbani tangu mwanzo haliingii barabarani bila mhandisi aliyeidhinishwa kulikagua. Atataka vipimo. Basi viandikwe kabla msumeno haujagusa springi, kwa maana ikishakatwa hakuna tena cha kupimia.