Maktaba ya shule, mtu mmoja: pa kuwapata wenzako ukiwa Kikatiti

Mwalimu wa Hisabati akikwama, anamuuliza mwenzake wa meza ya jirani. Wa Kiswahili naye ana idara yake. Ila anayeshika ufunguo wa maktaba yuko peke yake shule nzima. Akikwama, amekwama.

Kikatiti ipo kando ya barabara kuu ya Arusha–Moshi, ukishaipita Usa River kama unatoka mjini. Kama ilivyo katika shule nyingi nchini, anayeitwa mkutubi mara nyingi ni mwalimu aliyeongezewa maktaba juu ya vipindi vyake, bila kuisomea kazi hiyo.

Kufuli kabatini

Dalili ya kwanza ya upweke huu ni kufuli. Kitabu kikipotea, anayeulizwa ni yeye. Hana wa kumuuliza wengine wanafanyaje, basi anachagua njia salama: vitabu vinabaki kabatini. Mwanafunzi anaweza kumaliza kidato cha nne hajaazima hata kimoja.

Mkutubi mzoefu angelitatua hilo kwa maongezi ya dakika tano. Vitabu kuchakaa na vingine kupotea ni sehemu ya kazi. Kinachotakiwa ni kumbukumbu. Kila kitabu kipewe namba kwenye rejesta na kigongwe muhuri wa shule. Daftari la kuazima liwe na jina, kidato, namba ya kitabu, tarehe ya kutoka na ya kurudi. Mwisho wa mwaka hesabu, kisha peleka orodha ya vilivyopotea na vilivyochakaa kwa mkuu wa shule aiidhinishe. Hapo upotevu unakuwa taarifa ya shule, si deni la mwalimu.

Kupanga vitabu nako kunatisha bure. Mfumo wa Dewey, ulioanza mwaka 1876, una namba ndefu, lakini maktaba yenye vitabu mia chache inatosheka na makundi makubwa tu: 500 sayansi, 800 fasihi, 900 historia na jiografia. Lebo ya karatasi na gundi, basi.

Wenzako wako barabara hiyohiyo

Panda gari la kwenda mjini. Utapita Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, na mbele kidogo ni Tengeru, ambako kuna vyuo kadhaa, ikiwemo Taasisi ya Nelson Mandela. Vyuo vina maktaba, na maktaba zao zina watu waliosomea ukutubi.

Mjini Arusha kuna Maktaba ya Mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Huduma hiyo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na bodi ya sasa inafuata sheria ya mwaka 1975. Kuzishauri shule zinazoanzisha maktaba ni moja ya kazi zake, kwa hiyo ukienda kuuliza huombi fadhila. Beba barua ya mkuu wa shule, rejesta yako na picha za rafu kwenye simu. Picha inaeleza haraka kuliko mdomo.

Anayetaka kusomea kabisa, bodi hiyohiyo ina Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka, SLADS, kilichopo Bagamoyo. Ni mbali na Meru, na ada ni ada, ila cheti chake kinahusu kazi yenyewe.

Nje ya nchi kuna IASL, chama cha kimataifa cha wakutubi wa shule kilichoanzishwa mwaka 1971 huko Kingston, Jamaica. Kila Oktoba ni mwezi wao wa maktaba za shule, na shule yoyote inaweza kuuadhimisha bila kuomba kibali.

Grupu dogo linatosha

Mpango wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, unawakutanisha walimu kwenye jumuiya za kujifunza. Tatizo ni kwamba maktaba si somo, hivyo ni rahisi kusahaulika. Afisa elimu kata anaweza kuombwa awape wasimamizi wa maktaba kikao chao, hata kimoja kwa muhula.

Kabla ya hapo, simu inatosha. Shule nne au tano za Kikatiti, Maji ya Chai, King'ori na Usa River zinaweza kuwa na grupu la WhatsApp la maktaba tu. Sheria iwe moja: tuma picha na swali. Magrupu ya walimu yanajulikana, ikifika jioni ni michango ya harusi.

Humo pia mnatumiana vya bure: vitabu vya kiada vilivyo kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na hadithi za Kiswahili za African Storybook. Mmoja mwenye bando anapakua, wengine wanapokea.

Mkishazoeana, azimaneni vitabu. Shule yenye nakala kumi za riwaya moja inaweza kutoa tano kwa muhula mmoja kwa shule isiyo nazo, kwa barua ya wakuu wa shule wawili na orodha yenye namba za vitabu.