Shule ya Uraia, au Kisomo?

Wanaotafsiri historia ya Wamarekani weusi huandika "shule ya uraia" na kusonga mbele. Neno kwa neno hakuna kosa. Lakini msomaji wa Dodoma atawaza ama somo la Uraia la sekondari, mihimili ya dola na maswali ya mtihani, ama mgeni anayehangaikia pasipoti. Sivyo vyote viwili.

Wamarekani weusi walikuwa raia kwa katiba ya Marekani tangu 1868. Walichonyimwa ni kura. Jimbo la South Carolina lilimtaka anayejiandikisha asome kifungu cha katiba ya jimbo mbele ya karani, na wengi hawakujua kusoma. Esau Jenkins, aliyeendesha basi kutoka kisiwa cha Johns Island hadi Charleston, alianza kuwafundisha abiria wake kifungu hicho njiani. Baadaye yeye na Septima Clark, mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa kuwa mwanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, wakapata msaada wa kituo cha Highlander kule Tennessee. Wakanunua jengo kisiwani: mbele duka, nyuma darasa. Duka liliwazuga wazungu.

Tarehe 7 Januari 1957 waliingia wanafunzi 14. Aliyewafundisha, Bernice Robinson, alikuwa msusi na mshonaji. Jenkins na Clark walimchagua kwa sababu hakuwa mwalimu. Kwanza aliwauliza wanafunzi wanataka kujua nini. Wakataka kuandika majina yao, kusoma Biblia, kujaza fomu za kuagiza bidhaa kwa posta. Masomo yakaanzia hapo, na katiba ikafuata.

Ndiyo maana "shule" inanikera. Majaribio ya awali ya kuwafundisha watu wazima kisiwani yalikwama, na sababu mojawapo ni kwamba wazee walibanwa kwenye madawati ya watoto. Sisi tuna neno kisomo, la masomo ya watu wazima ya kusoma na kuandika, ambalo Tanzania ililizoea sana miaka ya 1970, enzi za kisomo chenye manufaa. Kisomo hakimdai mtu sare wala kengele. Ngumbaru nalo lipo, ila lina kejeli ndani yake.

"Uraia" nitaliacha, ingawa raia kwa asili yake ya Kiarabu ni kundi lenye mchungaji, na kwetu bado ni yule asiye askari. Basi iwe kisomo cha uraia. Naye Robinson, aliyewaambia wanafunzi wake kwamba watajifunza pamoja, tumwite mwalimu wa kisomo. Jina hilo kwetu lilishawatosha hata waliohitimu darasa la saba tu.